Mkojo kuponyoka baada ya uzazi una tiba, wajawazito wafundishwe mapema

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie jambo ambalo wanawake wengi huambizana kwa kunong'ona. Mama amejifungua salama, mtoto ananyonya vizuri, pongezi zinamiminika. Lakini akikohoa, mkojo unaponyoka. Akipiga chafya, akicheka, akiinua mzigo, ni hivyo hivyo. Akiuliza, anajibiwa kuwa uzazi ndivyo ulivyo, atazoea. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku hizi hata aliyekwisha kuzaa anaficha, kwa kuwa ameaminishwa kwamba hakuna dawa.

Dawa ipo. Takriban mwanamke 1 kati ya 3 huvuja mkojo baada ya kujifungua, na hadi 1 kati ya 10 hushindwa kuzuia haja kubwa. Wingi huo haulifanyi jambo hili kuwa la kuvumiliwa. Unaonyesha tu ni wangapi wameachwa bila msaada.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na ndiyo inayosaidia kufunga na kufungua njia zote tatu za chini. Katika ujauzito mzigo juu yake huongezeka wiki hadi wiki huku homoni zikilegeza tishu. Kichwa cha mtoto kinapopita, baadhi ya nyuzi za ndani hunyooka hadi kama mara tatu ya urefu wake. Mtu akiteguka kifundo cha mguu huandikiwa mazoezi. Misuli hii ikinyooshwa kiasi hicho, mwenye nayo huambiwa apumzike tu. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asijione amevuka salama, maana miezi yote ya uzito ilipita juu ya misuli ile ile.

Ushauri ambao mara nyingi hutolewa, ukitolewa, ni neno moja: "bana". Hapo ndipo kazi inapoharibika. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, aliyeandika kuhusu mazoezi ya kubana misuli hii mwaka 1948, hakuwaambia wanawake wabane tu kisha akawaacha. Alitumia kifaa kilichopima mkazo ukeni, mwanamke akajionea mwenyewe kama anabana sawasawa. Jina lake tumelishika, mazoezi tukayaita Kegel, lakini kipimo chake tumekiacha.

Zoezi lenyewe liko hivi. Lala chali umekunja magoti, au lala kwa ubavu ikiwa mimba imekua. Vuta pumzi taratibu, tumbo na mbavu zipanuke. Unapotoa pumzi, bana njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia ushuzi, peleka mkazo huo mbele hadi kwenye njia ya mkojo, kisha uvute vyote juu, ndani ya mwili. Shikilia sekunde 3 ukiendelea kupumua. Legeza kabisa kwa muda ule ule au zaidi. Rudia mara 8 hadi 12, halafu ongeza mibano 10 ya haraka, kila mmoja sekunde moja. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Wiki zikisonga, refusha mbano hadi sekunde 10, na ukizoea kulala fanya umekaa, kisha umesimama, kwa sababu mara nyingi mkojo hauponyoki mtu akiwa amelala chali. Kulegeza kusichukuliwe kijuujuu. Msuli usiolegea huchoka, na msuli uliochoka haukamati chafya.

Makosa tunayoyaona zaidi ni kubana matako na mapaja, kuzuia pumzi, na kusukuma chini badala ya kuvuta juu. La mwisho ndilo baya kuliko yote, maana anayesukuma anaongeza mzigo juu ya misuli anayotaka kuiponya, na anaweza kufanya hivyo miezi mitatu akidhani ana bidii. Kujikagua si vigumu: tumia kioo, au gusa msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kwa kidole safi. Ukibana, msamba uingie ndani na juu. Ukitokeza nje, acha zoezi umwone mtaalamu. Pia usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo ukiwa chooni. Kibofu kinaweza kubaki na mkojo.

Kosa jingine ni kukata tamaa mapema. Wiki za kwanza ubongo unajifunza upya kuiamuru misuli. Kunenepa kwa misuli yenyewe huchukua takriban wiki 12. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mazoezi yenye usimamizi kwa angalau miezi 3. Wakati ukisubiri nguvu, jifunze hila ndogo: bana na uvute juu kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu, na ushikilie hadi tukio lipite. Wengine huanza kuona nafuu kwa hila hiyo pekee ndani ya siku chache.

Anayeanza katika ujauzito hufaidika zaidi. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kuwa wajawazito wasiovuja walioanza mazoezi haya mapema walipunguza hatari ya kuvuja mwishoni mwa mimba kwa takriban asilimia 62.

Lakini si kila mwanamke anahitaji kubana, na hili tunaomba lisomwe mara mbili. Wapo ambao misuli yao imekaza mno. Dalili zake ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaochelewa kuanza kutoka, choo kigumu, au maumivu ya kifandugu. Huyu akiongezewa mibano, anaumia zaidi. Anahitaji kupumua kwa tumbo dakika 5 asubuhi na jioni, kupiga magoti na kuinama mbele huku magoti yameachana, na mikono ya mtaalamu kulegeza sehemu zilizokaza. Ujuzi wa kulegeza ni muhimu pia siku ya uchungu, mtoto anapotafuta njia.

Kuanzia wiki ya 35, anayetarajia kujifungua kwa njia ya kawaida, hasa mara ya kwanza, anaweza kukanda msamba. Osha mikono, tumia mafuta yasiyo na manukato, ingiza kidole gumba sentimita 3 hadi 4 ukeni, kandamiza kuelekea njia ya haja kubwa kisha pembeni, kama dakika 5. Mara 1 au 2 kwa wiki zinatosha kupunguza uwezekano wa kuchanika au kuongezwa njia. Asifanye mwenye maambukizi ukeni, anayetokwa damu, ambaye kondo limeziba njia, au ambaye chupa imeshapasuka. Anayeumwa mfupa wa kinena au kiuno avae nguo akiwa amekaa, na ageuke kitandani magoti yakiwa pamoja.

Baada ya kujifungua, mibano midogo inaweza kuanza siku za kwanza kabisa, ilimradi mpira wa mkojo umetolewa na mkojo unatoka vizuri. Zoezi lisilete maumivu. Chooni, inua miguu juu ya kistuli ili magoti yapite nyonga, inama mbele, usikamue. Kukimbia na kuruka kusubiri angalau wiki 12. Aliyechanika hadi misuli ya njia ya haja kubwa amwone mtaalamu hata kama hana dalili yoyote. Anayehisi uzito au kitu kinachoning'inia ukeni naye apimwe: mazoezi hupunguza dalili pale kizazi au ukuta wa uke uliposhuka kidogo, na wengine husaidiwa kwa pete maalumu ya ndani au upasuaji.

Mkojo unaotiririka mfululizo usiku na mchana, bila kikohozi wala chafya, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Mama apelekwe hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo aliyekufa ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kabisa kukojoa. Na mjamzito anayehisi majimaji yanamtoka asidhani ni mkojo tu kabla hajapimwa, kwani huenda chupa imepasuka.

Ufaransa, bima ya afya ya umma hulipia vipindi vya mazoezi haya baada ya kujifungua kama sehemu ya kawaida ya huduma ya uzazi. Tunachoomba sisi kuanzia sasa ni kidogo kuliko hapo. Kila kliniki ya wajawazito itenge dakika 10 za kufundisha mbano na ulegezaji, na mwenye ridhaa akaguliwe kama anafanya sawasawa. Na mama anaporudi wiki ya 6, kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani, aulizwe yeye: Mkojo unaponyoka? Haja kubwa au upepo unakutoka bila hiari? Unahisi maumivu au uzito ukeni? Akijibu ndiyo kwa swali lolote, aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa fiziotherapia ya afya ya uzazi