Zile euro 96 hatujala sisi: jinsi kodi inavyorudishwa Paris

Kuna lalamiko linalotufikia sisi tunaosindikiza wageni madukani Paris, kila msimu wa wageni, na safari hii limekuja kwa ujumbe wa sauti mrefu kutoka Dar es Salaam. Dada mmoja alinunua mkoba wa euro 1,200 kwenye duka la Boulevard Haussmann, sisi tukiwa naye. Alikuwa amesikia kwamba kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya Ufaransa ni asilimia 20 na kwamba mgeni hurudishiwa. Akapiga hesabu yake: asilimia 20 ya 1,200 ni 240. Kwenye kadi yake zikaingia kama euro 144. "Hizo 96 ziko wapi? Si nyie mlionipeleka?" Uchungu wake tunauelewa, pesa haina mdogo wala mkubwa. Lakini neno alilomalizia, kwamba tumemla, hilo hatuwezi kulinyamazia, maana si yeye wa kwanza kulisema.

Hesabu yenyewe iko hivi. Bei unayoiona dukani Ufaransa tayari ina kodi ndani yake. Mkoba wa euro 1,200 thamani yake bila kodi ni 1,000, na asilimia 20 ya hiyo 1,000 ni 200. Ukigawa 200 kwa 1,200 unapata asilimia 16 na ushei. Hiyo ndiyo kodi yote uliyolipa. Hakuna mtu chini ya jua atakayekurudishia 240, kwa sababu serikali ya Ufaransa haikuwahi kuchukua 240 kutoka kwako.

Sasa hiyo 200 nayo haiji nzima. Duka halikai na ofisa wa kushughulikia fomu za marejesho ya kodi za wageni wa dunia nzima. Kazi hiyo hufanywa na kampuni za kati kama Global Blue na Planet, nazo hukata ada yake. Mwisho wa yote mgeni hubaki na kama asilimia 12 ya bei aliyolipa, mara nyingine pungufu kidogo, kutegemea duka na kiasi. Kiasi utakachopata kimechapishwa kwenye fomu kabla hujatia saini. Sisi humwonyesha kila mteja mstari huo kwa kidole, palepale kaunta, na tunamwambia aupige picha. Dada yetu aliupiga, picha anayo.

Halafu kuna benki yako ya nyumbani. Euro zikifika kwenye kadi ya shilingi, benki inazibadili kwa kiwango chake siku hiyo. Anayetaka noti mkononi pale uwanja wa ndege anakatwa tena ada ya kupewa taslimu. Hatua zote hizi hakuna hata moja inayopita mikononi mwetu. Pesa inatoka kwenye kampuni ya marejesho kwenda kwenye kadi yako moja kwa moja. Sisi tunalipwa ada moja tunayokutajia kabla hujapanda ndege: euro 120 kwa nusu siku ya madukani, euro 60 kwa kukusindikiza uwanja wa ndege. Ununue kitambaa cha shingo au ununue saa ya Place Vendôme, ada ni ileile. Hatuchukui asilimia kwako wala kamisheni dukani, na ndiyo maana tuna uhuru wa kukwambia "hiki acha" muuzaji akiwa amesimama hapo hapo.

Nani anastahili? Mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, aliyekuja Ufaransa kwa muda usiofika miezi sita, na aliyenunua vitu vya zaidi ya euro 100 kwenye duka moja ndani ya siku tatu. Vitu viwe vya matumizi yake au zawadi, si bidhaa za kwenda kujaza duka Kariakoo. Na duka halilazimishwi na sheria kukupa fomu, kwa hiyo tunauliza kabla ya kulipa. Tukishalipa ndipo tuulize, tumechelewa.

Hapo ndipo huingia binamu. Karibu kila familia ina ndugu anayeishi Saint-Denis au Montreuil, na wazo huja lenyewe: binamu anunue leo kwa kuwa mgeni anafika Jumamosi, kisha fomu iandikwe jina la mgeni. Au kinyume chake, binamu anataka mkoba wake mwenyewe upitishwe kwenye pasipoti ya shangazi aliyekuja kutembea. Jamani, hapana. Aliyenunua, mwenye pasipoti na anayetoka na mzigo lazima awe mtu mmoja, na mzigo utoke Ulaya kweli. Binamu mwenye kibali cha kuishi Ufaransa hastahili hata akiwa mwanafunzi asiye na kipato. Forodha wakigundua, mzigo unaweza kuzuiwa na faini juu yake. Hatufanyi kazi hiyo, na mteja akisisitiza tunamrudishia malipo yake tunaagana vizuri.

Lakini njia ya mkato inayowaumiza wengi zaidi ni pesa ya mjini. Maduka makubwa ya Paris yana kaunta ambapo unaweza kupewa marejesho yako siku hiyohiyo, noti mkononi. Ni huduma halali na wapo wateja inayowafaa. Tatizo ni kwamba watu hudhani wakishapokea noti, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Ile ni pesa ya kutangulizwa, na kadi yako imewekwa rehani. Fomu isipothibitishwa na forodha ndani ya muda uliopangwa, kampuni inachomoa kwenye kadi kiasi chote ilichokupa pamoja na adhabu. Wachumba wawili wa Mombasa walichukua noti zao kaunta, wakala nazo chakula kizuri karibu na Opéra, na siku ya kuondoka wakachelewa, wakapita mbio bila kugusa mashine. Walipofika nyumbani na wiki kadhaa kupita, kadi ya bwana ikakatwa. Wakatupigia simu wakidhani ni wizi wa mtandaoni, tayari wameifunga kadi. Pesa ile ya chakula waliilipa mara mbili, na adhabu juu.

Kwa hiyo tunasema kwa kila anayekuja: fomu ya dukani ni karatasi tu mpaka forodha waithibitishe. Ufaransa kazi hiyo inafanywa na mashine zinazoitwa PABLO. Ziko viwanja vya Charles de Gaulle na Orly, na unazipitia kabla ya kukabidhi mizigo. Unasogeza msimbo wa fomu kwenye taa ya mashine, unangoja, skrini inageuka kijani na kukwambia fomu imekubaliwa. Ikigeuka nyekundu unakwenda kaunta ya forodha iliyo jirani ukiwa na fomu, pasipoti, tiketi na vitu vyenyewe.

Vitu vyenyewe. Hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo nawasimulia wateja mpaka leo. Nilikuwa Terminal 2E ya Charles de Gaulle na mteja mwingine nikamwona kijana wa Nairobi tuliyekuwa naye madukani siku chache kabla. Koti na viatu, jumla kama euro 2,300. Huduma ya uwanja wa ndege aliikataa ili aokoe zile euro 60, na hilo ni haki yake. Alikuwa amekabidhi sanduku kwanza "ili mikono iwe huru", kisha akaja kwenye mashine. Nyekundu. Ofisa wa forodha, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, akaipokea fomu, akasoma, akamwuliza kwa upole: mzigo uko wapi? Kijana akageuza kadi yake ya kuingilia ndege, nyuma yake kimebandikwa kile kikaratasi cha sanduku. Sanduku lilishakwenda kwenye mkanda. Ofisa akairudisha fomu juu ya kaunta bila muhuri, taratibu, akamwita anayefuata. Nilijaribu kusema naye kwa Kifaransa, akanisikiliza, lakini asichokiona hawezi kukithibitisha, na kwa kweli hana kosa. Marejesho ya kijana yule yangekuwa kama euro 270.

Mashine ikitoa kijani mara nyingi hakuna anayetaka kuona kitu. Ila huwezi kujua mapema fomu yako itatoa rangi gani. Ndiyo maana sisi tunafika masaa manne kabla ya ndege, sanduku likiwa bado mkononi, vitu vipya vikiwa juu kabisa na karatasi zake za bei. Wateja hulalamika kwamba tunawaamsha mapema mno. Viatu vipya usivivae kwenda navyo uwanjani. Saa usiifunge mkononi ukaacha boksi hotelini kwa sababu linajaza begi.

Njia ya ndege nayo ina mambo. Ukitoka Paris kwa Addis Ababa, Istanbul, Doha au Dubai, Paris ndiyo mlango wako wa mwisho wa Ulaya, unathibitisha hapo. Ukipitia Amsterdam kwenda Kilimanjaro au Nairobi, au Brussels kwenda Entebbe, Kigali au Bujumbura, na kitu umekibeba mkononi, basi mlango wako ni Amsterdam au Brussels, na huko PABLO hakuna: unatafuta kaunta ya forodha upigiwe muhuri. Kama muda wa kuunganisha ndege ni dakika hamsini, tunakwambia mapema kabla hujanunua, si baada. Anayepanda treni kwenda London anathibitisha Gare du Nord kabla ya kuvuka, kwani Uingereza imeshatoka kwenye Umoja. Na wanaoniambia "mbona London walinirudishia pale pale", hiyo ni ya zamani: Uingereza ilifuta marejesho ya kodi ya madukani kwa wageni tangu Januari 1, 2021. Wengi wa wateja wetu wa Muscat waliokuwa wakinunua London sasa wanavuka huku kwa sababu hiyo.

Usisubiri safari nyingine pia. Kitu kinatakiwa kitoke Ulaya kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya ule ulionunulia. Cha Machi, mwisho Juni. Baada ya hapo fomu imekufa.

Watu huuliza, basi hizo euro 60 nawalipa kwa lipi, si kusogeza karatasi kwenye taa tu? Bibi mmoja wa Muscat alinunua zawadi za harusi ya bintiye, fomu zikawa nyingi, kila duka na yake. Dukani Faubourg Saint-Honoré, muuzaji aliandika namba ya pasipoti, na mwenzangu akaisoma tarakimu kwa tarakimu kama tunavyofanya siku zote. Penye sifuri palikuwa na herufi O. Tukaomba fomu ichapwe upya. Bibi alikasirika kidogo, wajukuu wana njaa, gari linangoja chini. Tukangoja. Siku ya kuondoka fomu zake zote zilitoka kijani moja baada ya nyingine na tulizipanga kwenye bahasha kwa jina la duka, tarehe na kiasi, ili akifika nyumbani ajue ipi imeingia benki na ipi bado. Kazi tunayolipwa ni hiyo ya bahasha, ya kusoma tarakimu, ya kuuliza kabla ya kulipa. Euro 60 kwake zilikuwa sehemu ndogo mno ya kilichorudi. Anayenunua kitu cha euro 150 tunamwambia wazi asituchukue uwanjani. Tunamwelekeza bure kwenye simu, na atafanikiwa akifuata maneno.

Jambo moja la nyumbani: risiti zihifadhini. Ukitua, TRA au KRA wana sheria zao kuhusu vitu vya thamani vinavyoingia, na marejesho ya Paris hayakuondolei ushuru wa huko. Hilo nalo tumeshalaumiwa.

Kwa wanaojiandaa na soldes za majira ya baridi, yaani msimu wa punguzo la bei madukani: huanza Januari na huchukua wiki nne, za kiangazi huanza mwishoni mwa Juni. Msije kwa ajili ya mikoba ya Louis Vuitton, haiingii kwenye punguzo. Njooni kwa makoti, viatu na vitambaa vya Le Bon Marché na Printemps. Anayetaka mkoba wa ngozi wa Hermès aombe miadi kwa mtandao akiwa Paris, na ajue kuna siku miadi haipatikani. Tutumieni tiketi ya ndege kamili, tuone mnatokea uwanja gani na mnapitia wapi, nasi tutawajibu saa ya kutoka hotelini. Na siku ya madukani njooni na pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu.