Poe asibambikiwe ulevi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge sentensi moja ya makala yenu kuhusu Edgar Allan Poe, isemayo kwamba mwandishi huyo wa Marekani "aliuawa na pombe". Hilo halijathibitishwa na mtu yeyote hadi leo.

Poe aliondoka Richmond Septemba 27, 1849. Oktoba 3 akakutwa Baltimore, kwenye baa iliyokuwa pia kituo cha kupigia kura, hajitambui, kavaa nguo chakavu zinazoaminika hazikuwa zake. Siku za katikati hakuna awezaye kuzieleza. Alilazwa hospitali, akaweweseka, na Oktoba 7 akafariki akiwa na miaka 40. Cheti cha kifo hakijaonekana, wala faili lake la hospitali.

Ulevi basi umetoka wapi? Joseph Snodgrass, daktari aliyeitwa kumchukua pale baa, alikuwa mwanaharakati wa kupinga pombe, na kisa cha Poe kilimfaa mno kwa mahubiri yake. Rufus Griswold, aliyeandika tanzia kwa jina la bandia, alikuwa na kinyongo na marehemu, hata akaghushi barua zake. Huo ndio ushahidi tunaourithi! Dk. John Moran aliyemuuguza alikuja kukana katakata kwamba mgonjwa alikuwa amelewa, ingawa, tuseme kweli, simulizi yake naye ilizidi kunoga kila alipoirudia.

Sisemi Poe hakunywa. Alikunywa, na pombe ilimharibia mengi. Lakini siku aliyookotwa ilikuwa ya uchaguzi, na wakati huo magenge ya wanasiasa mjini humo yalijulikana kwa kuteka watu, kuwalewesha kwa nguvu na kuwabadilisha nguo ili wapige kura tena na tena. Mwaka 1996 daktari mmoja wa Maryland alikisia kichaa cha mbwa. Mimi la magenge ndilo linaloniingia akilini, kwa sababu ya zile nguo, ila nalo ni kisio tu. Kama kweli walimnywesha kwa lazima, kumwita mlevi aliyejimaliza ni kumtukana mara ya pili.

Naomba toleo lijalo mrekebishe sentensi hiyo, muandike kwamba chanzo cha kifo chake hakijulikani.

Msomaji wako