Kikao cha Jumamosi: safari ya kitaaluma ya Marshall Hodgson

Assalaam alaykum, ndugu wanakikundi.

Kikao chetu kimesogezwa kutoka Ijumaa usiku hadi Jumamosi saa 10:30 alasiri, baada ya sala, kwenye baraza letu la Mkomani, ili wenzetu wa Shela na Matondoni wapate kurejea kwa mashua kabla ya giza kuingia.

Tutamzungumzia Marshall Hodgson, mwanahistoria Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1951, na kufundisha hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Kazi yake kuu kuhusu ustaarabu wa Kiislamu aliiacha haijakamilika. Mwenzake, Reuben Smith, ndiye aliyeishughulikia hadi ikatoka mwaka 1974 katika juzuu 3. Naona anastahili kikao kizima, kwa sababu alikataa kuifanya historia ya Uislamu kuwa ya Waarabu peke yao na akawapa Waajemi, Waturuki na Wahindi uzito wao, nasi wa pwani, wenye wanazuoni na miswada yetu, tuna haki ya kuuliza nafasi yetu iko wapi.

1. Mchango ni shilingi 200 za kahawa na nakala, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
2. Kila mmoja aje na swali moja aliloliandika.

Mwenye kujitolea kuandika muhtasari wa kikao anijulishe. Tafadhali thibitisheni hapa kufika kwenu kabla ya Alhamisi, hata kwa neno moja, ili nakala zitoshe.

Wenu, Mratibu