Safari ya Budadiri: maelezo kwa wanakikundi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Baada ya kushauriana na wengi wenu, tumekubaliana kwamba safari yetu itaelekea Budadiri, mji mdogo wa wilaya ya Sironko ulio chini ya Mlima Elgon, badala ya maporomoko ya Sipi ambako karibu kila mgeni hupelekwa. Wapanda mlima huupita mji huo wakikiwahi kilele cha Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na kahawa iliyoanikwa uani hawaitazami mara mbili.

Sisi tunaifuata kahawa hiyo. Inayolimwa huko ni arabika, mara nyingi katikati ya migomba inayoipa kivuli, na mwenyeji wetu ameahidi kutuonyesha kazi yote: kuchuma matunda mekundu tu, kuyamenya kwa mashine ya mkono siku hiyo hiyo, kuziacha punje zichachuke, kuziosha mpaka utelezi uishe, kisha kuzianika. Nyingine atazikaanga chunguni mbele yetu, nasi tutazitwanga kinuni. (Anayetaka kahawa ya maziwa yenye povu abaki Kampala.)

Usiku wa kwanza tutalala Mbale. Njooni na koti la baridi na viatu visivyoteleza, kwa maana udongo wa huko ukinyeshewa huwa kama sabuni, na nauli ya bodaboda iwe ya noti ndogo. Tafadhali thibitisheni humu kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.