Barua kwa Baraka, kuhusu lile trekta la 110

Milwaukee, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baraka,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, theluji tu ndiyo bado imetukalia mlangoni.

Picha zako zimefika zote sita. Nimezitazama mchana kutwa, mama watoto akaniuliza kama ni za harusi. Trekta ni zuri, hilo sikatai. Lakini muuzaji anasema ni John Deere 110, lile trekta dogo la bustani, la mwaka 1963, na bei ameiweka kwa sababu ya huo mwaka. Hapo ndipo naomba upunguze mwendo.

Tuanze na madigadi, maana ndiyo yanayoonekana tangu barabarani. Ya hilo trekta ni ya mviringo, yanainama na tairi. Kwa 110 hiyo ni dalili ya kipindi cha kwanza, 1963 hadi 1967. Mwaka 1968 kiwanda cha Horicon, hapa hapa Wisconsin, kilibadilisha umbo, madigadi yakawa na kona, yamekaa kama meza. Ndiyo maana wapenzi wa haya matrekta husema la mviringo au la mraba kabla hata hawajataja mwaka. Kwa hiyo muuzaji hajakudanganya kwamba ni la zamani. Lakini mviringo unakupa miaka mitano, yeye anakuuzia mmoja tu, ule wa kwanza, ulio adimu kuliko yote.

Sasa injini. La 1963 lilitoka na Kohler K161, nguvu ya farasi 7. Mwaka uliofuata wakaweka K181, farasi 8, na hiyo ndiyo iliyoendelea kwa miaka kadhaa. Katika picha yako ya nne, kile kibati kwenye bati linalofunika feni kinasomeka K161, na nadhani hicho ndicho kilichokufurahisha. Hata mimi kilinifurahisha miaka mitatu iliyopita, na sijakusimulia vizuri yaliyonipata.

Nilinunua langu kwa mtu mmoja nje ya mji, kibati kikisema K161 vilevile. Likawa linakula oili, nikaagiza ringi za pistoni za K161. Siku ya kuzivalisha nikaitumbukiza moja kwenye silinda nione upenyo wake. Ncha zake mbili zikaachana, pengo kubwa kupita kiasi! Nilikaa sakafuni nikaitazama ile ringi kwa muda mrefu. Injini ilikuwa K181 iliyovalishwa bati la feni la K161. Huenda mtu alivunja bati lake miaka ya nyuma akachukua la injini nyingine, bila nia mbaya yoyote. Lakini mimi nililipa bei ya 1963, na ile pesa ilikuwa ya nauli ya kwenda nyumbani kumwona mama. Iliniuma, na bado inaniuma.

Ndiyo maana nakuambia kibati cha injini usikiamini, pima chuma chenyewe. Hizi Kohler valvu zake ziko ubavuni, hivyo silinda hedi ni kifuniko tu. Ukifungua bolti unaona pistoni na valvu zote, na kinachokugharimu ni gasketi mpya. Mwombe muuzaji ruhusa, mwambie gasketi utanunua wewe. Kipenyo cha silinda ya K161 ni inchi 2 na 7/8, cha K181 ni inchi 2 na 15/16. Tofauti ni ndogo, na kama silinda iliwahi kuchongwa upya inaweza kukuchanganya. Kwa hiyo pima na mwendo wa pistoni: zungusha gurudumu la injini kwa mkono, pima kutoka inapofika chini kabisa hadi inapofika juu. K161 inatembea inchi 2 na nusu, K181 inchi 2 na robo tatu. Robo inchi nzima hiyo, rula ya mtoto wa shule inatosha, na hakuna fundi anayeweza kuificha kwa rangi.

Unakumbuka nyumbani mafundi walivyokuwa wanaitambua Massey Ferguson 35 kabla haijatokeza kwenye kona? Za mwanzo za dizeli zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, zilizofuata zikaja na Perkins ya silinda tatu, na ule mngurumo wa silinda tatu hauigiki. Rangi wangeweza kupaka yoyote, sauti ilikuwa inasema kweli. Ndicho ninachotaka ufanye hapa.

Jambo la pili ni namba ya trekta lenyewe. Hilo ni kibati kingine kabisa, si kile cha injini. Katika picha zako sikioni, na hilo limenitia wasiwasi kuliko yote. Katalogi ya vipuri ya John Deere hupanga vipuri kwa namba hizo, inakuambia kipuri hiki ni cha kuanzia namba fulani hadi fulani. Kwa 110, namba 100001 ndipo mraba unapoanza. Kama kibati kipo na namba iko juu ya hapo, basi hayo madigadi ya mviringo yametoka kwenye trekta jingine. Kama hakipo, tazama matundu ya ripiti yake, uone kama kimeng'olewa juzi au kama kutu imekwisha kuyakalia.

Rangi usiipe uzito. Kijani kipya kinapakwa siku moja. Ila ukiona popote, chini ya kiti au ndani ya boneti, rangi nyeupe imejificha chini ya kijani, nipigie simu papo hapo. Kuanzia 1969 hadi 1971 John Deere walitoa matrekta ya bustani meupe, yenye boneti na kiti vya nyekundu, chungwa, njano au bluu. Hayo ni hadithi nyingine na bei nyingine, na hayawezi kuwa ya 1963.

Shemeji aliniambia mnaitazama na Cub Cadet ya manjano, trekta jingine la bustani, kwa jirani yenu. Hiyo ni rahisi zaidi: chungulia jinsi nguvu inavyotoka kwenye injini. Ile ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa na kampuni ya International Harvester, ilitumia mkanda. Ukikuta shafti imeunganishwa moja kwa moja, ujue ni ya toleo la 70 au 100 lililoifuata mwaka 1963, au za baadaye.

Lakini moyo wako uko kwenye 110, nakujua. Na hata likionekana ni la 1965 lenye K181 yake halali, bado ni trekta la kulipenda. Ule mkanda wake wa puli zinazobana na kuachia, unaokuwezesha kubadili kasi bila kugusa gia, utaufurahia ukikata majani. Lipe tu bei ya 1965.

Jumamosi ijayo nina nafasi. Nitakuja na spana, rula na gasketi moja ya kila aina, K161 na K181, ili tusimwachie mtu injini wazi. Mwambie muuzaji tutafika saa nne asubuhi, na hela usimpe hata ya kishika uchumba kabla sijafika.

Ndugu yako,
Elia