Mheshimiwa Waziri, na sengi naye ahesabiwe

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori, salamu sana. Nakuandikia nikiwa huku Gede, Kilifi, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, najua kazi ni nyingi lakini hii naomba uisome yote.

Ndovu mmempigania na tunashukuru. Mwaka 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000 Kenya nzima, pembe zikachomwa, ulinzi ukakazwa, sensa ya 2021 ikapata 36,280. Hata huku kwetu waya wa stima umewekwa kwa ajili yake. Na bado yuko hatarini kwenye orodha ya IUCN, lile shirika la dunia la uhifadhi, kwa hivyo sisemi aachwe.

Lakini orodha hiyo hiyo, daraja lile lile, yumo pia sengi wa makalio ya dhahabu. Kamnyama ka nusu kilo hivi, pua ndefu inachezacheza ikisaka wadudu kwenye majani makavu, watu wanamuita panya na kumbe vipimo vya vinasaba vinaonyesha ukoo wake uko na ndovu, nguva na pelele, panya hawahusiani naye kabisa. Ndovu akiisha hapa, Tsavo yupo. Huyu nje ya Sokoke amebaki na vichaka vichache tu vya pwani, basi.

Juzi asubuhi nimekuta mmoja amekufa kwenye tanzi la waya wa klachi ya pikipiki, mtego ulikuwa wa paa yeye ndo kaingia, ile dhahabu yake yote imejaa mchanga, na hawa wanaishi wawili wawili, mwenzake nikamsikia pembeni anapiga mkia kwenye majani, pa pa pa, kama wanavyofanya wakiona hatari. Nimeshindwa kuondoka pale.

Ndege ya sensa haiwezi kumuona mnyama kama huyu chini ya miti. Anataka mtu wa kutembea kwa miguu, kung'oa mitego, kuhesabu viota vyake vya majani. Waajirini vijana wa vijiji hivi, msitu wanaujua, kuna familia hapa zinafuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo tangu 1993 na zinajua faida ya mti uliosimama.

Njoo mwenyewe Mheshimiwa, saa kumi na mbili asubuhi, tutakupeleka. Uvae raba tu, tutembee polepole, maana akisikia majani yanalia anakimbia.