Asali ikiganda si sukari jamani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo nitoe la moyoni. Sisi nyumbani tunafuga nyuki, mizinga 6 tu, mimi na mke wangu na watoto wanaoshika bomba la moshi kwa zamu, asali tunawauzia majirani. Sasa kila baridi ikiingia lazima mtu arudi na chupa mkononi, eti "baba nanihii umetuchanganyia sukari", kisa asali imeganda chini imekuwa chengachenga. Jamani asali halisi inaganda, ni glukosi iliyomo ndo inajitenga, we weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu yasizidi nyuzi 40 hivi itayeyuka taratibu, usiichemshe utaua harufu yote.

Na ile ya kupima asali kwa kudondosha tone kwenye maji au kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali haithibitishi kitu, hata shira nzito inazama vilevile. Ukitaka kujua njoo siku ya kurina, uone masega yaliyofunikwa nta, hayo ndo tunakata, yaliyo wazi tunawaachia nyuki maana maji bado mengi, yakizidi asilimia 20 asali inachacha (hilo kosa nishalifanya, ndoo nzima ilifura ikamwagika stoo, sisimui zaidi).

Halafu mtoto hajatimiza mwaka 1 msimpe asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Hilo nalisema hata kama nakosa mteja.

Mfuga nyuki